Fundi wa Ngokolo Aliyeng'oa Meno ya Kisu Chake

Saa moja asubuhi, Jumamosi, Limi anapanda baiskeli isiyokwenda popote. Gurudumu la mbele halipo. La nyuma limevuliwa tairi na kuinuliwa juu ya kigoda cha mninga, na kwenye ukingo wake umezungushwa ukanda wa ngozi unaopanda mezani hadi kwenye kimashine kidogo cha kuchonga chuma. Limi anajifunga khanga sawasawa, anashika usukani, anangoja.

"Nianze?" anamwuliza mumewe.

"Bado."

Kuku wanakatiza mlangoni. Jirani mmoja anachungulia, anasalimia, anaendelea na safari yake.

"Sasa?"

"Bado kidogo, Mama Apolonia."

Kalisti Maduhu, fundi wa hapa Ngokolo, mjini Shinyanga, ameinama juu ya donge la alumini lililobanwa kwenye jiliwa. Mkononi ana kisu cha kuchongea, kipande cha chuma kigumu chenye meno, urefu wa kidole cha mwisho. Alikuwa navyo vitatu. Viwili vimekwisha kuvunjika. Hiki nacho kikivunjika, kingine kiko Nairobi, na Nairobi si nyumba ya pili hata mtu akaazime kama chumvi. Keshokutwa, Jumatatu, gulio la pamba linafunguliwa.

Kwenye benchi, karibu na mlango, ameketi mtu ambaye jambo hili linamhusu kuliko wote, naye ndiye aliyetulia kuliko wote. Anaitwa Pantaleo. Mguu wake wa kushoto unaishia juu ya goti. Anakula muhogo wa kuchemsha, na magongo yake mawili ameyaegemeza ukutani.

Kinachochongwa mezani ni goti lake.

Mwandishi wa habari hii alikuja Shinyanga kuandika juu ya bei ya pamba. Baiskeli yake ikapata pancha Ngokolo siku ya Ijumaa, akaelekezwa kwa fundi Kalisti, na tangu hapo bei ya pamba imebidi isubiri. Mtu akikuta watu wazima watatu wamenyamaza kukitazama kisu kidogo namna ile, hawezi kuondoka bila kuuliza.

Kimashine chenyewe ni kidogo kiasi kwamba mwanamume mmoja hukibeba kifuani. Kazi yake ni kuzungusha kile kisu, huku fundi akisogeza chuma chini yake kwa vishikio viwili, kimoja cha kwenda kushoto na kulia, kingine cha kwenda mbele na nyuma. Hivyo hupatikana mfereji ulionyooka kabisa, ambao tupa na mkono wa binadamu haviwezi kuunyoosha hata vikikesha. Hakikuundwa kwa kazi nzito. Mwenyewe wa kwanza alikuwa akijifurahishia tu.

Mwenyewe huyo alikuwa mhandisi wa Kizungu katika mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita, ambako Kalisti alifanya kazi ya karakana miaka kumi na mmoja. Watu walimwita Bwana Polepole, maana hilo ndilo neno la Kiswahili alilolipenda kupita yote. Jioni, wenzake wakienda kwenye vinywaji vyao, yeye alijifungia na kimashine chake akiunda vigarimoshi vya kuchezea, vyenye moshi wa kweli. Kalisti alimshikia taa.

"Nilimwona mtu mzima anachonga gurudumu dogo kama kifungo cha shati, siku nne," Kalisti anasimulia. "Nikasema moyoni, kumbe Wazungu nao wana wazimu wao. Haukupita mwezi, nikawa naota mimi ndiye ninayechonga."

Mwaka 1951 Bwana Polepole alirudi kwao, akamwachia Kalisti kimashine, visu vitatu ndani ya kopo la tumbaku, na wosia mmoja. Kalisti anaukariri mpaka leo: chuma ni kama mkwe, hukiendei mbio. Polepole, polepole, polepole.

Wosia huo ulimfaa sana kwa chuma cheusi. Kwa alumini, tutaona, nusura umtie aibu.

Mwaka uliofuata ndipo ilipotokea ajali. Kalisti hapendi kuisimulia, lakini akiulizwa hakwepi. Siku hiyo toroli lililojaa mawe liliachana na mwenzake kwenye mteremko, na chini ya mteremko alikuwepo Pantaleo, mchimbaji kutoka Usumbwa, rafiki yake wa kula sahani moja. Pini iliyoyaunganisha matoroli yale aliitengeneza Kalisti, siku nane kabla.

Wachunguzi walikaa, wakapima, wakaandika. Walisema ndoano ndiyo iliyofunguka. Pini ilikutwa juu ya reli ikiwa nzima, haina hata ufa.

"Karatasi ilinisafisha," anasema Kalisti. "Lakini kambini watu walinong'ona, na usiku mimi mwenyewe nilinong'ona pamoja nao. Nilijiuliza, kama ingekuwa nene zaidi? Kama ningeikaza vingine? Karatasi haijibu maswali hayo."

Aliiomba ile pini, akapewa. Pantaleo alipotoka hospitali, Kalisti aliacha kazi iliyokuwa ikimpa shilingi tisini kwa mwezi, akafunga kimashine ndani ya blanketi, akarudi kwao Shinyanga na mambo mawili: kimashine na rafiki. Pini akaitundika kwenye msumari, juu ya meza ya kazi. Leo hii anaziba mabakuli, anatengeneza karabai na baiskeli, na mwezi ukiwa mzuri anapata nusu ya mshahara ule. Hajuti. Limi ndiye anayejuta kidogo, naye anasema wazi, halafu anacheka.

Pantaleo ana mke, Melania, na watoto watatu, wote wako Usumbwa. Huu ni mwaka wa tatu hajawaona.

"Watu wanasema Pantaleo kakosa mguu," anasema mwenyewe. "Mguu si kitu. Mtu mwenye magongo mawili hana mguu na mikono pia hana. Hawezi kubeba mtoto, hawezi kubeba ndoo, hata kumpa mtu mkono mpaka ajiegemeze ukutani. Nilimtumia Melania salamu: sirudi mpaka nirudi na mikono."

Mwezi wa pili mwaka huu mlango ulifunguka, ingawa ni ufa tu. Chama cha wakulima kilihitaji mpimaji kwenye gulio la pamba. Katibu wake, Bwana Athanas, anamfahamu Pantaleo. Anajua kwamba anasoma, anajua hesabu, na wakulima wanamwamini kwa sababu hana ndugu hata mmoja mjini wa kumpendelea. Lakini mizani iko juu ya jukwaa la ngazi tatu, na mawe ya mizani hushikwa kwa mikono miwili kutwa nzima.

"Nilimwambia ukweli, sikumficha," Bwana Athanas anaeleza. "Siku ya kufungua gulio, akipanda bila gongo, kazi ni yake. Asipoweza, nina mtu mwingine. Wakulima wanatoka mbali, siwezi kuwapa mpimaji anayeanguka."

Basi Kalisti akaanza. Mguu aliuchonga kwa mninga, na goti akalitengeneza kwa bawaba ya chuma ya lango kuukuu. Likakunja vizuri na kukunjuka vizuri, na likawa zito la kutisha. Pantaleo alipiga hatua mia, akakaa chini, na alipofungua mikanda kisiki cha mguu kilikuwa kinatoka damu.

"Nilikuwa naburuta lango la watu," anasema Pantaleo.

Ndipo Kalisti alipoikumbuka alumini, chuma cheupe cha sufuria, chepesi kuliko ndugu zake wote. Alinunua pistoni tatu za lori bovu, akaziyeyusha kwa mkaa na mivukuto aliyoachiwa na marehemu baba yake, aliyekuwa mhunzi, akamimina kwenye kalibu ya udongo wa kichuguu. Likatoka donge safi. Kilichobaki ni kulichonga vipande viwili: kimoja chenye mfereji, kingine chenye ulimi wa kuingia humo, na pini ya kuvishika pamoja. Pembeni kingekaa kikomeo cha kuvutwa kwa kamba kutoka mfukoni, cha kulifunga goti mtu akisimama na kulifungua akitaka kukaa.

Aliona ni kazi ya wiki moja. Mtu aliyezoea kula mifupa haogopi mnofu.

Kumbe mnofu nao una mambo yake. Kalisti alifanya kama alivyofundishwa. Aliweka ukanda kwenye gurudumu kubwa la kimashine ili kisu kizunguke taratibu, akamwambia Limi akanyage kama anayekwenda kanisani, naye akasogeza donge kidogo kidogo. Haraka haraka haina baraka. Kisu hakikukata, kilisugua. Alumini ikapata moto, ikalainika, ikanata kwenye meno kama ugali kwenye mwiko. Kisu kikawa gogo. Kikasema tak, na nusu yake ikaruka hadi uani.

Hapo alibaki na visu viwili, na mwezi wa nne ulikuwa unaisha.

Kosa la pili lilikuwa la Kisukuma kabisa, na Kalisti analisimulia akicheka mpaka anafuta machozi. Kwao, kitu chochote kinachokwama hupakwa samli. Ngozi ngumu, samli. Bega la mtoto aliyeteguka, samli. Basi na kisu nacho akakipaka samli, tena si kidogo. Aliitoa kwenye kibuyu ambacho Limi alikuwa amekiweka kwa ajili ya wageni wa ubatizo.

"Harufu ikaenda nyumba ya tatu," anasema Limi. "Watu wakaja na watoto wao, hodi hodi, wakijua tuna sherehe. Nikawaambia, karibuni, tunakaanga chuma."

Limi alipanda baiskeli siku hiyo akiwa amefura kwa hasira. Hakukanyaga kama anayekwenda kanisani. Alikanyaga kama anayefukuza mwizi. Na hapo, kwa urefu wa nusu kidole, alumini ikakatika safi, ikang'aa. Kisha asubuhi ile ya baridi ikaigandisha samli, samli ikakumbatia chenga za alumini, mchanganyiko ukajaa katikati ya meno, na kisu cha pili kikamfuata mwenzake.

Mtu mwingine angelitupa donge lile. Kalisti alikaa nalo jioni nzima akilipapasa. Sehemu kubwa ilikuwa imeparuzwa ovyo. Lakini kile kipande cha nusu kidole kilikuwa laini kama kioo.

"Nikajiuliza, hapa kulikuwa na nini?" anasema. "Nikakumbuka. Hapa mke wangu alikuwa amekasirika."

Ndivyo Kalisti Maduhu alivyojua kwamba alumini haitaki polepole. Inataka kisu kizunguke kwa kasi na mkono usonge mbele bila kusitasita, kila jino liume na kutema. Bwana Polepole alimfundisha kweli, ila alimfundisha kweli ya chuma kingine. Ngoja ngoja huumiza matumbo, walisema wahenga hao hao. Akahamisha ukanda kutoka gurudumu kubwa la kimashine kwenda gurudumu dogo.

Dawa ya samli kuganda aliitoa Limi, bila hata kuinua kichwa. Alikuwa akisafisha mnyororo wa baiskeli kwa mafuta ya taa. "Mbona grisi hii inayeyuka?" alimwuliza mumewe. Wakachanganya: samli kijiko kimoja, mafuta ya taa vijiko viwili, na unyoya wa kuku wa kupakia. Limi alitoa sharti moja tu, kwamba samli hiyo iwe ile iliyochacha.

Lakini kisu kilikuwa kimebaki kimoja. Kalisti alikifungia ndani ya kopo la tumbaku, na wiki tatu hakulifungua. Kila alipokaribia meza aliiona pini kwenye msumari. Alijua bado kuna kitu kimoja hajakielewa, maana hata mafuta yakiwa mepesi, chenga za alumini zilikuwa nene, nazo nafasi kati ya meno zilikuwa finyu. Zikijaa, kisu kitakwama. Kikikwama, kitavunjika. Kikivunjika, Pantaleo atabaki na magongo.

Alhamisi, siku nne kabla ya gulio, mama yake Kalisti, Bibi Mageni, alikuja kuwatembelea. Ni bibi wa miaka sabini hivi, mcheshi, na akicheka unaona meno mawili ya mbele ya juu yamechongwa kila moja upande wa ndani, yakaacha pengo kama mlango mdogo. Wasichana wengi wa rika lake walichongwa hivyo, kwa urembo. Walikula nyama ya mbuzi. Baada ya kula, Kalisti akawa anahangaika na kijiti, nyuzi za nyama zimemkwama kila upande.

"Ng'wana wane, mwanangu," mama akamwambia, "ninyi wenye meno kamili mnalisha meno, hamlishi tumbo. Mimi tangu nichongwe sijashika kijiti. Kinachoingia kina pa kutokea."

Kalisti alimtazama mama yake mdomoni kwa muda mrefu kiasi cha kukosa adabu. Kisha akainuka bila kunawa mikono, akaenda kufungua kopo la tumbaku.

Kisu kilikuwa na meno manne. Alichotaka kufanya kingemfanya fundi yeyote wa mgodini ashike kichwa: kuyasaga meno mawili yanayotazamana, na kuacha mawili tu, yenye mapengo mapana kati yake. Kisu cha mwisho, na mwenyewe anakipunguza nusu. Kwanza alijifunzia kwenye vipande vya visu vilivyovunjika, akavisaga kwa jiwe la kunolea, Limi akizungusha mkono wa jiwe. Kipande cha kwanza alikiharibu. Cha pili kikakubali.

Ijumaa jioni alikwenda na kisu kizima hadi kwenye benchi la Pantaleo.

"Goti ni lako," alimwambia. "Nikikosea hapa, nimekuumiza mara ya pili. Sitaki kufanya bila ruhusa yako."

Pantaleo alikichukua kisu, akakigeuza, akamrudishia. "Mara ya pili?" alisema. "Ya kwanza ilikuwa lini?"

Kalisti alikipokea. Alirudi kwenye jiwe, na usiku haujaingia meno mawili yalikuwa yamekwenda. Bibi Mageni alikileta kisu karibu na macho yake, akacheka. "Umekichonga kama binti wa zamani. Sasa kitapata mchumba."

Ndipo inapofika Jumamosi hii, saa moja na robo. Kisu kimefungwa kwenye kimashine. Unyoya wa kuku umelowa mafuta. Pantaleo amemaliza muhogo.

"Sasa," anasema Kalisti.

Limi anakanyaga. Ukanda unapiga kelele kidogo, kisha unanyamaza, na kisu kinazunguka hadi meno hayaonekani tena. "Kasirika, Mama Apolonia," Kalisti anamwambia bila kugeuka. "Kumbuka samli."

"Siisahau," anajibu Limi, naye anaongeza.

Kalisti anasogeza donge. Sauti inayotoka si ile ya kusugua. Ni sauti ya mtu anayetafuna muwa. Chenga nyeupe zinaruka, zinaangukia mikono yake, kifua chake, sakafu, nazo ni safi na zimejipinda vizuri. Anapaka mafuta, anasonga. Anafika mahali kisu cha pili kilipovunjikia, pamewekwa alama ya mkaa. Mkono wake unataka kusita. Unaonekana kabisa unavyotaka kusita, baada ya miaka kumi na mmoja ya polepole. Hausiti. Unapita alama, unaendelea, unatokea upande wa pili.

Anarudia tena na tena, kila safari kina kikiongezeka. Limi jasho linamtiririka hadi kidevuni, haulizi kitu. Saa nne kasoro Kalisti anainua kisu, anapuliza mfereji, anaingiza kidole chake. Halafu anakaa chini sakafuni, katikati ya chenga, ameshika donge mapajani. Machozi yanamlengalenga wala hayafichi.

"Nishuke?" anauliza Limi.

"Shuka, mke wangu. Wabeja, ahsante sana."

Ulimi ulichongwa mchana huo huo. Saa kumi vipande viwili viliingiana bila kugombana, na kilichobaki kilikuwa pini. Kalisti alitafuta kwenye sanduku la vyuma, akatoa ekseli ya gurudumu la baiskeli, akaipima.

Pantaleo alijivuta na magongo yake hadi kwenye meza. Hakuitazama ekseli. Alinyoosha mkono, akaitoa ile pini ya toroli kwenye msumari, akaiweka mbele ya rafiki yake.

"Tia hii."

"Hapana, ndugu yangu. Hiyo hapana."

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini."

"Ninachojua mimi," alisema Pantaleo, "ni kwamba pini hii ilibeba mawe tani ngapi sijui siku nane, ikaangushwa mteremkoni, ikaokotwa nzima. Ndoano ilifunguka. Pini yako haikukatika. Miaka mitatu unaitazama kama jeneza, na mimi miaka mitatu nakutazama wewe. Nimechoka. Atakayetembelea goti hili ni mimi, na chuma ninachokiamini ni hiki."

Limi, aliyekuwa akifagia chenga, alisimamisha ufagio. Kalisti aliichukua ile pini. Kisha akachukua msumeno, akaikata pini kwa urefu unaofaa, akaipitisha tupa, na kazi hiyo aliifanya polepole, kama alivyofundishwa, maana hiki kilikuwa chuma chenyewe.

Jumapili Pantaleo alijifunza kutembea uani. Alianguka mara tatu, mara mbili kwa sababu ya kuku.

Jumatatu, gulioni, watu walijaa tangu alfajiri na vifurushi vyao vya pamba. Pantaleo alikuja kwa miguu kutoka Ngokolo, magongo ameyabeba Kalisti nyuma yake, tayari kwa lolote. Bwana Athanas alikuwa amesimama juu ya jukwaa na daftari lake.

"Mwangaluka, Bwana Pantaleo," alimwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, Bwana Katibu."

Ngazi ya kwanza alipanda kwa mguu mzima, akauvuta ule wa mninga. Ya pili vivyo hivyo. Kwenye ya tatu goti likalegea kidogo, watu wakavuta pumzi, na Kalisti akapiga hatua mbele na gongo mkononi. Pantaleo hakugeuka. Alivuta kamba ya mfukoni, kikomeo kikalia ka, akasimama. Akajipangusa viganja kwenye shati, akainama, akanyanyua jiwe la mizani kwa mikono yote miwili.

Bwana Athanas alitazama goti, kisha mikono, kisha msururu wa wakulima. "Leteni mzigo wa kwanza," alisema.

Kufikia jioni Pantaleo alikuwa ameshapima mizigo mia moja na arobaini. Kisiki cha mguu kilimuuma, lakini hakikutoa damu. Siku hiyo hiyo alimwandikia Melania barua, akamwambia aje na watoto wote watatu, na kwamba atawapokea stesheni, na mdogo atambeba mwenyewe.

Mwandishi alirudi Ngokolo Alhamisi kuchukua baiskeli yake. Limi alikuwa juu ya ile nyingine, akikanyaga, na mezani donge jipya la alumini lilikuwa linatema chenga. Ni la mtu aitwaye Januari, zamani mfanyakazi wa reli, aliyepoteza mguu miaka saba iliyopita, ambaye alimwona Pantaleo gulioni akaja moja kwa moja bila kuuza pamba yake. Mwingine ameleta salamu kutoka Nkome, mvuvi. Kalisti ameagiza Nairobi visu viwili kwa shilingi kumi na nane kila kimoja, na barua aliiandikisha kwa uangalifu: viwe vya meno mawili, na kama havipo vya meno mawili, walete vya manne, kazi iliyobaki ataimalizia mwenyewe.

Alipoulizwa ana mipango gani mbele, fundi Kalisti aliiacha kazi kwanza. Alifuta mikono kwa tambara, akaonyesha ukuta juu ya meza. Kwenye ule msumari wa zamani, mahali pa pini, yametundikwa sasa magongo mawili ya Pantaleo, yamefungwa pamoja kwa kamba. Kando yake, kwa mstari ulionyooka, amegongomea misumari mipya sita, mitupu.

"Nilinunua robo ratili," alisema. "Nikiijaza hii, nitanunua mingine."